Mgeni Hapewi Kiporo

Ijumaa, 20 Desemba. Chumbageni, kwa Manase

Tumefika! Basi la kutoka Dar limechelewa, miguu imevimba, begi moja limelowa maji ya samaki wa watu. Sijali. Juzi Edmonton baridi ilikuwa ya kugandisha kope. Hapa nimeshuka tu, shati limenata mgongoni. Raha iliyoje! Nikamwambia Sarrah anuse, hiyo ndiyo Tanga. Mke wangu akasema anachonusa yeye ni begi.

Shabaha ya safari naiandika hapa mapema, nisije nikajidanganya. Sikuja kupumzika. Sikuja kuota jua, ingawa jua nalo nalitaka. Nimekuja kuitwa Kiporo.

Maelezo, kwa atakayeokota shajara hii nikishakufa. Zamani tukisoma, kila asubuhi nilipitia kwa kina Uweso, hapa hapa Chumbageni, nikala chakula chao cha jana kabla ya kwenda shule. Muhogo wa nazi uliolala, wali mkavu wa chini ya sufuria, kipande cha papa. Kwetu asubuhi ilikuwa chai na biskuti, na mama yangu, Gulzar, Mungu amrehemu, aliamini kiporo kinaua. Basi Bi Mboni, mama yake Uweso, akanibandika jina. Uweso ni Mdigo, Manase, mwenzetu darasani, ni Msambaa. Wale ni watani, walikuwa wakitukanana tangu gwaride la asubuhi hadi kengele ya kwenda nyumbani, na hakuna aliyenuna. Mimi Mhindi sikuwa na mtani wa kunitukana. Siku Bi Mboni aliponiita Kiporo, nikapata watani wawili kwa mpigo. Sijapata cheo kikubwa kuliko hicho mpaka leo.

Na vyeo ninavyo. Ni mwenyekiti wa kamati ya theluji ya jengo letu kule Kanada. Mwezi uliopita nilituma picha kwenye kundi letu la WhatsApp, nimevaa suti, nimeshika beleshi la kuzolea theluji. Chini nikaandika: Mwenyekiti anakuja, mnipokee kwa heshima inayonistahili. Mzaha mtupu! Nilitegemea matusi ya wiki nzima. Uweso akajibu neno moja tu: Sawa.

Leo stendi nimeshuka nimejiandaa. Nilijua Uweso ataanza na kitambi. Kitambi chenyewe nimekitunza kwa ajili yake. Nikamwona huyo, mvi tupu, kanzu imepigwa pasi. Nyuma yake Manase, amefunga tai. Tai! Wakanivisha shada la maua. Uweso akainamisha kichwa, akasema karibu nyumbani, mheshimiwa mwenyekiti. Kisha akabeba begi langu. Uweso huyu huyu aliyenibebesha mkoba wake miaka yote ya shule ya msingi!

Nikacheka, nikidhani ndiyo utani wenyewe. Hakuna aliyecheka nami.

Manase na mkewe Devota wametuachia chumba chao. Shuka mpya, bado zina mikunjo ya dukani. Wenyewe wanalala sebuleni. Chakula cha jioni: kuku. Nadhani wamechoka kutungoja. Kesho watanitukana.

Jumamosi, 21 Desemba

Mbinu ya kwanza. Kuamka kabla ya wenyeji na kujipakulia kiporo kwa mkono wangu. Sababu ni nyepesi: mgeni hapewi kiporo, ni fedheha kwa mwenye nyumba. Kwa hiyo aliyekula kiporo si mgeni. Hapo hata mwanasheria hatoki.

Nikanyata mpaka jikoni. Sufuria la wali wa jana lile pale, limefunikwa sahani. Nikafunua. Nikachota. Tonge liko njiani linakwenda mdomoni, Devota huyo mlangoni! Akaguna kwa mshtuko, ungedhani amenikuta nakunywa mafuta ya taa. Akaninyang'anya sufuria. Halafu akaniomba radhi. Yeye ndiye akaniomba radhi mimi, kwa kuchelewa kuamka.

Haikupita muda, kengele ya baiskeli uani. Uweso na kisu. Manase ni Mlutheri, kuku wa kutulisha sisi hawezi kumchinja mwenyewe, kwa hiyo Uweso amejitolea kuja kuchinja kila akiitwa. Nikamwambia nami ni Mwislamu, kisu nakijua. Akasema mheshimiwa hachinji, mheshimiwa huletewa.

Supu ya kuku. Asubuhi yote ile!

Lakini kilichoniuma zaidi ni Sarrah. Amezaliwa Bukoba, Tanga hajawahi kuikanyaga. Nimemkuta uani amekalia mbuzi, anakuna nazi, na Devota anamuuliza nazi ile anaikuna au anaibembeleza. Sarrah akamjibu kwamba nazi za Tanga ngumu, zimefanana na vichwa vya wanaume wao. Wakacheka mpaka wakaegemeana. Ametaniwa! Na mtu aliyemjua jana jioni! Mimi nimekua na watu hawa, naitwa mheshimiwa.

Nimemuuliza amefanyaje. Amesema hakufanya kitu, alikaa tu kwenye mbuzi. Basi mchana nami nikaenda nikakaa kwenye mbuzi. Wakaniondoa kwa adabu, wakaniletea kiti chenye kitambaa.

Jumatatu, 23 Desemba

Wahenga wamesema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ijumaa siihesabu, tuliingia jioni. Siku ya tatu ni leo.

Mbinu ya pili, basi. Wakati wa chai nimedai jembe mbele ya mashahidi. Nimemsomea Manase methali nzima. Nikamkumbusha ana shamba la michungwa njia ya Muheza, na mvua za vuli zimeacha magugu. Manase akanitazama, akajikohoza, akatoka nje kupiga simu. Akarudi akasema jembe litapatikana.

Furaha yangu! Nikavaa fulana mbovu kuliko zote, yenye matundu kwapani. Nikakataa hata viatu.

Tumefika shambani. Turubai! Wametundika turubai, chini yake meza yenye kitambaa, maua ya plastiki, maji ya chupa. Kwaya anayoifundisha Manase imejipanga na sare zake. Uweso ameshika kipaza sauti. Akanitambulisha: mgeni rasmi, mheshimiwa mwenyekiti wa kamati ya theluji. Jembe wakanipa kweli, jipya, mpini umefungwa utepe mwekundu. Shimo limeshachimbwa. Kazi yangu ni kugusa udongo kwa ncha ya jembe, kutia mche wa mchungwa, na kupigiwa makofi. Hata kibao chenye jina langu kilikuwa tayari!

Nikaamua kuendelea kulima kwa nguvu. Nimepiga majembe machache tu, Uweso akaja akanitoa mpini mkononi taratibu, akanifuta jasho kwa leso yake, akaomba watu wanipigie makofi kwa mara nyingine. Kisha wakanidai hotuba. Nimesimama miguu mitupu, matundu kwapani, nimehutubia kwaya kuhusu umuhimu wa machungwa. Waliitikia vizuri. Sauti ya tatu ina vijana hodari sana.

Chakula cha mchana: kuku.

Nakiri ule mti umenifurahisha. Mchungwa wenye jina langu kwenye udongo wa Muheza, nani asingefurahi? Lakini wanaopandishwa miti ni mawaziri. Mtu wa kwao huambiwa ng'oa magugu, na ukimaliza huku nenda kule.

Jumanne, 24 Desemba

Nimegundua kosa langu. Nimekuwa nikiomba utani, na utani hauombwi. Huchokozwa. Mbinu ya tatu: koti la Edmonton.

Koti lenyewe linafika magotini na limejazwa manyoya ya bata. Nililivaa mpaka uwanja wa ndege. Nikaongeza kofia ya sufu yenye kishada, skafu, na glavu. Saa saba mchana, jua la Desemba linapasua vichwa. Nikatoka kwa miguu kuelekea Usagara, kwenye karakana ya baiskeli ya Uweso. Mtanga hawezi kunyamazia hata soksi zisizofanana. Koti hili atalinyamaziaje?

Njiani mambo yalianza vizuri. Mama mmoja wa genge la matunda ameniuliza nimetoroka kwenye friji ya nani. Nimetokwa na machozi, au ni jasho, sikuweza kutofautisha. Ila yule mama simjui hanijui. Utani wa mtu baki hauhesabiki.

Nikaingia karakana. Uweso akainua uso kutoka kwenye gurudumu. Nikaona midomo inamcheza. Nikaona shavu linamtetemeka. Moyoni nasema haya, sema basi, liteme! Akainama tena kwenye gurudumu, akakaa huko chini muda mrefu kuliko gurudumu lilivyohitaji. Alipoinuka macho yamelowa, amesema ni vumbi. Akasema koti limenikaa vizuri sana, mheshimiwa, hasa rangi. Akaagiza feni. Mafundi wake wakaja mmoja mmoja kunipa mkono, wakaushika kwa mikono miwili, na glavu yake.

Nikakaa kwa ukaidi. Nikakaa mpaka kila baiskeli nikaiona mbili. Wamenirudisha Chumbageni nimelala kwenye guta la mizigo, mwavuli juu yangu, dafu mkononi, na Uweso mwenyewe ndiye aliyekuwa akisukuma, anawaambia watu wapishe njia. Sarrah hakuniuliza kitu. Ametundika koti kwenye kamba, limedondosha maji hadi magharibi.

Jumatano, 25 Desemba. Krismasi

Nyumba imejaa. Ndugu wa Manase wameshuka kutoka Lushoto na viazi, kabichi na vitoto vyenye mashavu. Pilau imepikwa nje kwenye sufuria la kuogea mtu. Uweso amekuja na familia, kanzu mpya.

Mbinu ya nne: kuanza mimi. Mtani akipigwa lazima arudishe, hiyo ni sheria. Nikangoja watu watulie na sahani zao. Nikamwambia Manase, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani, kwamba Wasambaa waliposhuka mlimani mara ya kwanza waliionja bahari wakamlaumu aliyezidisha chumvi. Watu wakageuka kumtazama Manase. Manase akatafuna, akameza, akasema hilo ni jambo la kutafakari, mheshimiwa.

Nikamgeukia Uweso. Nikamwambia baiskeli anazotengeneza zina akili, zinajua kuharibika zikifika mbele ya mlango wake tu. Uweso akasimama. Akaweka mkono kifuani. Akanishukuru kwa ushauri, akasema karakana itajirekebisha.

Nikabaki na ngumi yangu hewani. Nikatoka nikaenda uani.

Hapa naandika ukweli. Imeniuma. Nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nikiwatazama kuku waliobaki wa Manase, wawili watatu, nao wananitazama kwa chuki, na wana haki. Mgeni ni kuku mweupe, ndivyo wanavyosema. Hata akijichanganya vipi na wenzake anaonekana. Kule Edmonton wakiniuliza kwetu ni wapi, nasema Tanga, bila hata kufikiri. Sasa kama Tanga nako ni mgeni, kwetu ni wapi? Kwenye kamati ya theluji?

Sarrah akanifuata. Akauliza kama ni tumbo. Nikamwambia nataka kutukanwa. Akasema yeye anayo mengi ya kunisaidia, yamejaa, ila anaona si yake ninayoyataka. Akanishika mkono. Akawa kama anataka kuniambia jambo, akauma mdomo, akaacha. Ndani wakaanza kuimba. Manase anaongoza, sauti ile ile ya darasa la tano. Sarrah akanivuta tukarudi. Nikapiga makofi, nikacheza na bibi mmoja wa Lushoto aliyenichosha, nikaongeza pilau na nikaongeza tena. Huzuni yangu haijawahi kuishinda pilau.

Ijumaa, 27 Desemba

Nimepata! Bi Mboni!

Yuko hai, yuko Kigombe, alirudi kwao baada ya mumewe kufariki. Kila nikiuliza lini tutakwenda kumwamkia, Uweso anasema subiri, mheshimiwa, maandalizi yanaendelea. Leo ametaja Jumapili. Maandalizi! Najua maana yake. Turubai, maua ya plastiki, na yule mama maskini amefundishwa hotuba.

Mbinu ya tano, na ni ya mwisho, maana Alhamisi tunaondoka. Kesho alfajiri natoroka kwenda Kigombe peke yangu. Nitamkuta kabla hajaandaliwa. Aliyenipa jina ndiye pekee anayeweza kunirudishia. Na kama naye ataniita mheshimiwa, basi nitavua shada, nitarudi Kanada kuzoa theluji, na nikiulizwa kwetu wapi nitasema jengo namba fulani.

Nimemwambia Sarrah akiulizwa aseme naumwa tumbo, nimelala. Ameitikia haraka kuliko nilivyotegemea. Amenifungia hata sukari na majani ya chai ya kumpelekea Bi Mboni. Kuna jambo limemchekesha, hataki kusema.

Jumamosi, 28 Desemba

Sijui nianzie wapi.

Nilitoka kukiwa bado na umande, nikapanda bodaboda. Katani kushoto, katani kulia, barabara ya Pangani. Kila pikipiki ikitupita nilijificha nyuma ya mgongo wa dereva. Kigombe nikauliza nyumba ya Bi Mboni, mtoto akaninyooshea kidole bila kuacha kula embe.

Nikamkuta kizingitini, ungo mapajani, anapepeta mchele. Amekuwa mdogo. Zamani alijaza mlango mzima. Nikapiga magoti nikamwamkia shikamoo. Akasema marahaba, akaendelea kupepeta. Kisha akainua macho. Akaanza kunitazama kuanzia viatu, polepole, akapanda mpaka kitambi, akapumzika hapo, akafika usoni. Nilikuwa naisubiri ile herufi ya kwanza. Mh, au Ki?

Akasema, "Kiporo. Umenenepa hivi, na mtungi wa maji mtupu unauona. Haya ingia ndani, muhogo wa jana upo."

Basi. Nikalia. Mtu mzima, mwenyekiti, nimelia kizingitini Kigombe mbele ya kuku na mtoto wa embe.

Hakunibembeleza. Aliniambia nikilia niangalie nisimlowanishie mchele. Muhogo ukaletwa kwenye sahani ya bati, tui limeganda juu, kipande cha papa pembeni. Hakuupasha hata moto! Kiporo halisi, cha kupewa mtu usiyemwonea haya. Nimekula na kamasi zangu. Sijala chakula kitamu kama kile tangu niondoke nchi hii.

Nikachota maji. Nikashika kuku mkorofi, si wa kuchinja, wa kufungwa kamba. Bi Mboni akalalamika choo kimejaa, Uweso ameahidi kumchimbia kipya tangu Ramadhani mpaka leo anapima kwa macho tu. Akasema picha yangu ameiona kwenye simu. Akauliza lile beleshi ni langu mwenyewe au la kuazima kwa ajili ya picha. Nikamwambia kwa fahari ni langu. Akasema vizuri.

Halafu akatema lile jambo kama mbegu ya chungwa. Kwamba wenzangu walimwomba naye aniite mheshimiwa mwenyekiti. Akawajibu meno aliyobakiwa nayo hayatoshi kwa neno refu namna ile. Na kwamba kila jioni Uweso humpigia simu kumsimulia, wanacheka mpaka simu inazima.

Muhogo ukanikwama. Nikauliza wanacheka nini. Akanitazama kwa huruma, jinsi alivyokuwa akinitazama nikikosea hesabu.

Kabla hajanijibu, pikipiki nje. Uweso anaendesha, Manase nyuma ameshika kofia yake ya Krismasi. Waligundua kitanda kitupu, wakajua nimekwenda wapi. Wameingia mbio, wakaniona nimeshika sahani ya bati, mdomo una tui. Uweso akakaa chini. Pale pale mchangani, na suruali yake safi. Akaanza kucheka. Kilikuwa kicheko cha wiki nzima, kinatoka kwa mafungu. Manase akashika nguzo. Nikawauliza ni nini, jamani, ni nini?

Uweso akajifuta macho. "Si uliandika mwenyewe upokewe kwa heshima? Mtani akiomba kitu, Kiporo, hupewa mpaka akome."

Lahaula! Kumbe! Turubai, kwaya, utepe, dafu kwenye guta. Kuku wote wale! Wiki nzima natafuta utani na wiki nzima niko ndani yake mpaka shingoni. Manase akasema siku ya koti Uweso aliuma tairi la baiskeli asicheke, meno yameacha alama, nikitaka nikaangalie. Devota alijua. Kwaya ilijua, hotuba yangu ya machungwa wameirekodi. Sarrah alijua tangu siku ya kwanza, aliambiwa akiwa kwenye mbuzi!

Nilitaka kukasirika. Nimejaribu kweli. Nikajikuta nacheka, na nikianza kunyamaza nakumbuka nilivyofutwa jasho kwa leso, naanza upya. Basi Uweso akafungua ghala. Alikuwa ameyabana mdomoni tangu stendi, anasema mashavu yalimvimba usiku. Akaanza na kitambi, akaja kwenye koti, akaenda kwenye fulana ya matundu, akarudi kwenye kitambi maana alisahau kipande. Manase naye akalipa deni la bahari na chumvi. Bi Mboni akiona wamechoka anaongeza kuni. Nimekaa katikati yao kwenye mkeka, natukanwa kutoka pande zote, na upepo wa baharini unaingia mlangoni. Kwetu ni hapa. Hakuna wa kuniuliza tena.

Jumatatu, 30 Desemba

Mambo yamebadilika. Devota amechukua chumba chake na shuka zake. Tunalala sebuleni kwenye mkeka, mgongo wangu umejua. Nimeosha vyombo. Nimebeba gunia la mkaa. Uweso amenipitishia mkoba wake wa spana begani bila hata kunitazama, nikaubeba hadi Usagara, naye mbele anaimba.

Kiporo asubuhi, kiporo mchana. Wali, maharage, ugali uliolala, mchuzi usiojulikana wa lini. Nimekula vyote kwa moyo mkunjufu. Tangu jana tumbo linaniendesha. Mama alisema kiporo kinaua. Naona hakuwa mbali na ukweli.

Nimeuliza kwa upole kama kuna kuku. Devota amesema kuku ni wa wageni.

Alhamisi, 2 Januari. Ndani ya basi

Tumeagana. Tanga wanasema waja leo waondoka leo, yaani usipoondoka siku hiyo hiyo hutaweza tena, na ni kweli, mguu ulikuwa mzito. Uweso alinibebesha begi langu, la Sarrah, na gunia la machungwa la kupeleka kwa binamu yangu Dar. Watu wa stendi wote wamejua naitwa Kiporo. Kondakta naye ananiita hivyo. Manase alipiga saluti. Uweso alinikumbatia muda mrefu, akaniambia sikioni nisikae tena miaka mingi hivi, halafu akaniambia kitambi changu kimefika Kanada kabla yangu. Nimepanda basi nikimpungia mpaka stendi ikapotea.

Lakini kufika Hale akili imenirudia. Nimetafakari. Jina nimelipata, ndiyo. Ila sasa naikumbuka ile supu ya asubuhi. Je, mtu hawezi kupata vyote viwili, jina la Kiporo na supu ya kuku?

Anaweza, akitumia akili. Watu hawa nimeshawasoma. Niliomba heshima kwa mzaha, wakanipa kitu ambacho sikukitaka. Maana yake wao hutoa kinyume. Kwa hiyo nikiomba kazi, watanipa nini? Supu! Nimeandika hapo hapo kwenye kundi: Mwakani sitaki heshima hata chembe. Nihesabuni kibarua. Kazi yoyote mliyo nayo, hata iwe ngumu vipi, niwekeeni mimi. Nakuja na beleshi langu.

Sarrah amesoma begani mwangu. Amefumba macho. Ameniuliza kama kule Edmonton glavu za kazi zinauzwa madukani au lazima ziagizwe. Sijui zinahusiana na nini. Wanawake na safari.

Uweso amejibu: Sawa.

Kisha imeingia picha. Bi Mboni amesimama nyuma ya nyumba yake, kando ya choo, kwenye uwanja mtupu uliopigwa vijiti vinne pembeni. Mkononi ameshika lile jembe langu, utepe mwekundu bado uko kwenye mpini. Anacheka na meno yake yote yaliyobaki.

Wamenasa! Utepe ule naujua. Wananiandalia mti mwingine. Nafasi waliyopima ni kubwa, kwa hiyo si mchungwa, nadhani ni mwembe. Nimeanza kutayarisha hotuba.